Sululu wa Nikodemo

Sheria ilijulikana na kila nyumba ya ufukweni: amzuiaye ndege wa kaskazini asisafiri na wenzake, nyumba yake itatoa mtu aende badala ya ndege huyo, na mwenye nyumba ndiye atakayemchagua.

Mwezi wa Aprili sululu, wale ndege wenye midomo iliyopinda, walikuwa wamekwisha kuondoka. Mchana mmoja Nikodemo alimwambia mkewe, Perpetua, "Usiingie ghalani. Sululu wangu amelala."

Perpetua aliacha kupepeta mchele. "Amelala? Tangu lini sululu ya kuchimbia ikalala, Baba Eliya? Na jembe nalo linakoroma?"

"Ulimi umeteleza tu, Mama Eliya."

Perpetua alikuwa amefundisha sarufi miaka mingi, wala hakuamini kwamba ulimi huteleza mara mbili katika sentensi moja. Akaufungua mlango wa ghala. Ndege alikuwa amesimama pembeni, mabawa yote mazima, mguu mmoja umefungwa kamba.

"Hakuumia huyu. Umemfungia nini?"

Nikodemo alikuwa akitazama njia. Msimamizi wa ndege alikwisha kufika langoni, ingawa hakuna jirani aliyemwita.

"Mwenye nyumba," akauliza, "nani atakwenda?"

"Mke wangu," Nikodemo akajibu bila kusita.

Kamba ikakatwa, ndege akaruka. Msimamizi akamvika Perpetua pete ya bati kifundoni, kama wavikwavyo ndege, akamwonyesha njia ya kaskazini.

"Chukua shali," mumewe alisema kwa upole. "Huko kuna baridi."

Ndivyo deni la nyumba ile lilivyolipwa.