Bangili Isiwake

Siku hizi kila mtu amevaa bangili ya serikali, na moyo ukiifurahia kazi fulani, inawaka kijani. Ikiwaka, unachukuliwa ukaifanye kazi hiyo maisha yako yote, kwenye mji wao wa vipaji. Wanasema huko ni raha tupu. Jirani yetu Mshamu, aliyependa nyuki, alichukuliwa. Kila Idi anatutumia salamu za sauti, na kicheko ni kilekile, hata kikohozi kinakuja palepale.

Mke wangu Mwanakheri anapenda kusuka mikeka. Kwa hiyo akisuka, kazi yangu ni kumuudhi.

“Huo ukindu umeusuka au umeutafuna?” nilimuuliza jana.

“Baba Zuhura, ukinyamaza utakufa?”

“Mkeka huo hata mbuzi haulalii.”

“Mbona wewe juzi ulilala, ukakoroma?”

Bangili yake ilibaki nyeusi. Nikawa natafuta neno la kumchoma zaidi, ghafla akaacha kusuka, akanishika mkono. Iliyowaka ilikuwa yangu.

“Nikutukane?” aliuliza.

“Tukana, mama, upesi!”

Akaanza na kipara changu, akateremka hadi miguuni, hakubakisha kitu. Ikazidi kuwaka.