Shati la Ukutani

“Nitajie aliyeiunguza kanzu yangu, jirani, umfukuze nikiona!” Mzee Kombo alifoka mlangoni kwa dobi.

“Duka langu, mkono wangu. Nimeunguza mimi,” alijibu Bi Sauda, mwenye duka.

“Wewe? Mtaa mzima unajua pasi huishiki siku hizi!”

Nyuma ya shuka, Tunu, mwenye wiki moja kazini, alilitazama shati lenye tundu lililotundikwa ukutani. Bi Sauda aliliunguza mwenyewe zamani, na kila mfanyakazi mpya alionyeshwa hilo kwanza. Akajitokeza.

“Ni mimi, mzee. Nilinogewa na umbea, pasi nikaisahau.”

Bi Sauda aliitundika kanzu kando ya shati lake. “Nyingine nitakununulia, na atakayeipiga pasi ni huyuhuyu. Haya, vua viatu uingie ule, wali unapoa.”

Kombo akabaki kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.