Mara Tatu Mlangoni

Mwanaidi alizungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka, kukasikika "tak" moja chini ya boneti, basi. Kwenye siti ya nyuma mumewe alihema, nusu ya uso imelegea tangu alfajiri, hawezi kutamka neno.

"Vumilia, Baba Nuru. Hospitali si mbali."

Gari halikuwaka. Kila walipolipeleka kwa fundi liliwaka palepale, fundi akacheka, "Mama, hili zima kabisa!" Likigoma nyumbani, mumewe hushuka, hufungua boneti, hurudi, linawaka. Hakuwahi kumwonyesha. Gari, alisema, ni kazi ya mwanamume.

"Huwa unafanya nini huko mbele?" Mwanaidi alifoka huku akilia.

Nyuma yake mlango ukagongwa. Mkono wa mumewe uliobaki na nguvu uligonga mara tatu, ukapumzika, ukagonga tena mara tatu.

Akachukua spana ya magurudumu, akafungua boneti. Chini kabisa, katikati ya vumbi na oili, kidude kimoja kiling'aa, kimebonyea kwa kugongwa miaka mingi. Akakigonga mara tatu.

Alirudi, akashika ufunguo. Kwenye kioo, mkono wa mumewe ulikuwa bado hewani, unasubiri.