Kisahani cha Shomari

Sheria ilitaka kila nyumba iwe na kisahani cha seli za mmoja wa wakazi. Sabuni, rangi, hata dawa ya mbu, hudondoshwa kwenye seli hizo kwanza. Baada ya siku arobaini, zikiwa bado zimelala tambarare kama mkeka, kitu ni salama. Zikilundikana vichuguu, ni saratani.

Kwa Bi Mwanahawa, seli zilikuwa za mumewe Shomari, aliyezikwa mwaka juzi.

"Bibi, hizi zimezeeka," alisema Siwema, mkaguzi, akiinua macho kutoka kwenye darubini. "Zinakaribia kufa. Nikirudi nitazitupa, nichukue zako."

"Na zenye saratani, nazo huzeeka?"

"Hizo hazizeeki. Ukizilisha tu, zinaishi. Ndio ubaya wake."

"Haya, mwanangu. Kunywa chai."

Siwema alipoondoka, Bi Mwanahawa alivuta kopo uvunguni. Ilikuwa dawa ya mchwa ambayo Shomari, seremala mbishi, aliipaka mbao miaka yote bila kuipima, mpaka ikamuua. Akadondosha tone moja kisahanini.

Siku ya arobaini vichuguu vilikuwa vimeota.

"Umechelewa," alimwambia Shomari, akiinamia kisahani.

Siwema aliporudi, kisahani kilikuwa kimefichwa kabatini; aliambiwa seli zimeshatupwa. Bi Mwanahawa akamnyooshea mkono achukue zake.

Ramadhani ilipoingia, kisahani kimoja kilikuwa hakitoshi tena, wala kumi. Bi Mwanahawa alishusha sahani na vikombe vyake sakafuni, kabati lote akamwachia Shomari.