Kaburi la Mgomba

Redio ilipotangaza kwamba Jenerali amekimbia, Bibi Esteria aliitupa nje. Ilidunda kwenye ngazi ya udongo, betri zikatawanyika kati ya kuku.

"Amekimbia," alisema. "Miaka kumi na minne anaua watu, halafu wanamwacha akimbie."

Beatha aliziokota betri. Jenerali alikuwa mtawala wa nchi ya kwao, si wa huku Usambara. Miaka kumi iliyopita Beatha alivuka mpaka na nguo alizovaa tu, akafika kijiji hiki cha juu ya Bumbuli akitafuta kibarua cha kuchuma chai. Esteria, aliyekuwa akiishi peke yake, alimfungulia chumba na hakumuuliza atakaa mpaka lini.

Jenerali alianza kama wanavyoanza wote. Sajini asiyejulikana, kisha kapteni, kisha asubuhi moja sauti redioni: nchi imeokolewa, kila mtu abaki nyumbani kwake. Picha yake ikatundikwa kila ukuta, miwani ya jua usoni na kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mwaka wa pili akafunga magazeti. Wa tatu akaanza kufunga walimu. Kristian, mume wa Beatha, alichukuliwa darasani, chaki mkononi, mbele ya watoto wa darasa la nne. Hakuonekana tena, na aliyethubutu kuuliza naye hakuonekana. Washenzi wa namna hii mara nyingi hufia vitandani mwao, wamefunikwa vizuri, na hilo ndilo lililomchoma Esteria. Hotuba za mtu yule alizisikiliza mpaka neno la mwisho, akisonya.

Beatha hakutaka kisasi. Alitaka kujua mumewe amelazwa wapi, basi.

Esteria alishamshauri afanye kama alivyofanya yeye. Katika ukoo wao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba, likavishwa sanda na kuzikwa kwa heshima zote, ili walio hai wapumzike. Mwanawe wa pekee, Timotheo, alikuwa na miaka kumi na miwili baba yake alipomchukua. Baba huyo alikuwa mtu wa kuja, kibarua wa chai. Siku moja alirudi kwao ng'ambo ya mpaka na mtoto, asiage. Miaka mingi baadaye Esteria aliwaambia majirani kwamba amepata barua, Timotheo amekufa. Mchungaji alikataa kuuombea mgomba. Wazee wa ukoo wakazika hivyo hivyo nyuma ya jiko, wakasimika msalaba wenye jina la Timotheo, na Esteria akapanda mpeasi kando yake. Watu wanakumbuka kwamba hakulia. Walisema ana roho ngumu.

"Mimi sitazika mgomba," Beatha alimjibu kila mara. "Anayejua alipo mume wangu yuko hai. Atasema."

Wiki ya tatu zikaja habari kwamba Jenerali ameonekana Mazinde, kule chini barabarani, amenyoa ndevu, kiroba begani. Kijiji kizima kilicheka. Jenerali atafute nini huku, kabichi? Esteria hakucheka. Aliwatoa mbuzi kwenye banda la mbao, akanunua kufuli.

Alhamisi mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, Beatha alirudi kutoka shambani akamkuta Esteria ameketi kwenye kigoda mbele ya banda, panga mapajani. Kufuli lilikuwa limefungwa. Ndani mtu alikuwa anakohoa.

"Ni yeye," Esteria alisema. "Ameomba kujificha, nikamfungia. Nimeshawapigia simu mgambo. Muulize unachotaka kabla hawajafika."

Bila ile miwani na kofia, nani angemtambua?

"Umemjuaje, mama?"

"Alipiga hodi mlango wa jikoni. Mgeni hupiga wa mbele."

Beatha hakuwa na nafasi ya kulifikiria jibu hilo. Aliweka mdomo kwenye ufa wa mbao, akalitaja jina la mwalimu Kristian, akaitaja shule, akautaja mwezi na siku. Mtu wa ndani akasema hakumbuki, walikuwa wengi.

Walikuwa wengi. Alisema hivyo kama anayezungumzia viazi.

Esteria aliinuka, akaupiga mlango kwa ubapa wa panga mpaka vumbi likaanguka.

"Sema," alisema. "Na usinidanganye mimi."

Ndipo ile sauti iliyozoea kuamrisha ikatoka ndogo. Walimu wote wa wilaya ile walipelekwa kwenye tanuri la matofali nyuma ya kambi ya jeshi, wakafukiwa upande wa mto, chini ya mikaratusi.

Beatha aliketi kwenye matope akalia kwa sauti, kilio alichokibana miaka yote. Sasa alikuwa na mahali pa kwenda.

Mgambo walifika na Hashimu, mwenyekiti wa kitongoji, wakamtoa yule mtu na kumfunga mikono kwa kamba. Alikuwa mtu wa makamo kama wengine, viatu vimetoboka. Hashimu alifungua daftari, akamuuliza jina lake kamili, lile alilopewa alipozaliwa, si la vyeo. Mtu yule alikuwa amesimama chini ya mpeasi, anausoma msalaba.

"Andika hilo analolisoma," Esteria alisema. "Nilimzika wiki aliyoapishwa."