Rundo la Mawe Kilimani

Mpima ardhi wa kampuni ya umeme wa upepo alimwambia jaji kwamba kilimani hakuna makaburi, kuna rundo la mawe tu. Bi Talaso, aliyekuja kuzuia minara isijengwe pale alipozikwa babu yake, akaomba kumuuliza swali. Jaji akamruhusu.

"Mwanangu, mlipofika mwaka juzi, lile rundo lilikuwa na kimo gani?"

"Lilinifika magotini, mama."

"Na sasa?"

Mpima akafunua daftari lake, akasita. "Kiunoni."

"Nani anayaongeza hayo mawe?"

"Dereva wetu. Kila tukipita pale husimamisha gari, huokota jiwe akalitupia juu ya rundo. Nilidhani anasafisha njia."

Watu wa kilimani waliojaa ukumbini wakatazamana. Kwao, hapiti mtu kaburi la mzee bila kuliongezea jiwe.

"Huyo dereva yuko wapi?" jaji akauliza.

Kwenye benchi la nyuma, upande wa kampuni, mwanamume mmoja akasimama taratibu. Akavua kofia yenye nembo ya kampuni, akaishika kwa mikono miwili. Vidole vyake bado vilikuwa vyeupe kwa vumbi la jiwe la asubuhi ile.