Pale Barabara Inapokata Reli

Mzee Akonaay aliisukuma stesheni kwa mkono wake wa kushoto mpaka ikaanguka sakafuni. Ilikuwa stesheni nzuri, ya boksi la viatu, yenye paa la bati la kopo na benchi la njiti za kiberiti. Efrazia alikuwa ameihangaikia wiki nzima.

“Hutaki stesheni, baba?”

“Aa! Aa!” Hiyo ndiyo sauti pekee aliyobakiwa nayo. Kisha akaanza kulia kwa hasira, kama alivyolia kila siku tangu kiharusi kilipomnyang’anya maneno na upande wote wa kulia.

Daktari aliyewaruhusu kurudi nyumbani, kijijini Daudi, alisema mgonjwa apewe kitu anachokipenda, mkono uliobaki usilale. Mzee alikuwa ameendesha treni ya reli ya kati miaka mingi, kabla ya kustaafu na kurudi kulima huku milimani ambako hakuna reli hata moja. Efrazia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amezoea kutengeneza zana za kufundishia. Tena alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyepatikana mama yake akiwa ameshachoka kuombewa. Asipomhangaikia yeye, nani? Akalaza mlango wa zamani juu ya meza. Reli akaziunda kwa spoku za baiskeli, mataruma ya kuzibeba kwa vijiti vya aiskrimu, kokoto kwa mkaa uliopondwa. Kichwa cha treni alimchongesha seremala.

Alidhani baba anaikumbuka kazi yake. Lakini mzee hakutaka madaraja wala mabehewa. Alitaka barabara.

Kwanza Efrazia alipaka kadibodi rangi ya kahawia. Mzee akaibandua. Siku nyingine akaleta udongo mwekundu, akauchekecha kwa chujio la chai, akaunyunyiza juu ya gundi mbichi. Huo mzee aliupapasa, akaukubali, kisha kwa ukucha akachora mikwaruzo miwili ya magurudumu ya mkokoteni. Barabara ikashuka, ikapinda, ikakata reli mahali pasipo na kizuizi wala kibao. Pembeni alitaka majani makavu, na Efrazia akayatengeneza kwa unga wa mbao aliouchovya kwenye rangi ya njano. Alitaka mti mmoja tu, usio na jani. Efrazia alipouchomeka, mzee aliung’oa, akausogeza kidogo kushoto.

“Hapa ni wapi, baba? Saranda? Itigi?”

Mzee alifungua mdomo. Midomo ikatetemeka, mate yakamtoka, neno halikuja. Efrazia alipomfuta, baba yake alimtazama kama mtu anayezama huku watu wamesimama ukingoni wanamwangalia tu.

Mama yake, Getruda, hakuisogelea meza ile hata siku moja. Alikaa mlangoni akichambua maharage, kakipa chumba mgongo.

“Mama, wewe uliishi naye kule. Hii ni sehemu gani?”

“Nitajuaje? Mimi nilikuwa nakaa kota za reli, si kwenye treni.”

“Kuna kitu anataka kusema.”

Getruda alitupa harage bovu nje. Kisha akasema bila kugeuka, “Hakuna dereva wa treni asiyewahi kugonga mtu. Bomoa hayo mambo, Efrazia. Yatamuua baba yako.”

Efrazia aliitazama ile barabara ya udongo. Kumbe ni hilo. Baba huyu asiyewahi hata kumchapa, alikuwa amebeba damu ya mtu miaka yote.

Alijaribu kuifunika meza kwa shuka. Mzee akakataa uji. Muuguzi aliyekuja kumpima presha alitoka nje na Efrazia, akasema polepole kwamba hali si nzuri, kama kuna ndugu wa kuitwa waitwe. Efrazia akasimama uani kwenye ukungu, hajui alie au arudi ndani. Hakuwa na dawa ya kumpa. Akaamua angalau amsaidie kulisema lililomkaa moyoni, hata kama ni kifo cha mtu.

Mchana ule akafinyanga watu wa udongo: mwanamume mwenye jembe, mwanamke mwenye ndoo, mchungaji na ng’ombe wake. Akawapanga mmojammoja barabarani.

“Ni huyu, baba?”

Mzee akawafagia wote. Akashika pindo la kitenge cha Efrazia, akalivuta, akalivuta tena. Efrazia akaelewa, akamtafutia kipande cha kitambaa.

Kwa mkono mmoja, taratibu, mzee alikiviringisha. Akakunja ncha ya chini, akaacha uwazi mdogo juu, vile mama anavyomfunika mtoto mchanga asipate baridi. Akakilaza katikati ya reli, pale barabara inapokata.

Efrazia aliinama karibu. “Ni mtoto, baba?”

Mzee akaitikia kwa kichwa.

“Jamani. Peke yake?”

Akaitikia tena, machozi yakimshuka upande mmoja.

“Ukamkanyaga.”

“Aa! Aa! Aa!”

Mzee alikinyakua kichwa cha treni, akakiweka kwenye reli, akakisukuma. Akapunguza mwendo. Akapunguza zaidi. Akakisimamisha upana wa kidole mbele ya kitambaa, akakiachia. Kisha akakiokota kile kifurushi, akakipitisha juu ya majani makavu, juu ya barabara, akakitoa nje ya meza. Akakilaza kifuani kwa Efrazia, akakishikilia hapo, akimtazama yeye.

Mlangoni, Getruda alikuwa amesimama, amewageukia.

“Baba Efrazia,” alisema, “tulikubaliana siri hii tutakufa nayo.”